Tope Lililonukia Samaki

Mafuta nilikuwa nikiyachukua kwa mama mmoja anayekaanga samaki ufuoni Kisumu. Yalikuwa mafuta ya alizeti, yaliyokaangiwa samaki aina ya ngege mpaka yakageuka rangi. Mama aliamini natengeneza sabuni na mimi nikamwacha aamini hivyo, maana kumweleza mtu kwamba unapika tope ni kujitafutia maswali.

Lakini ndiyo kazi yangu pale maabara. Wanaochimba visima vya mafuta hutia tope shimoni ili lipoze chuma kinachotoboa mwamba na kupandisha juu vipande vya mawe. Wengi hulichanganya na dizeli, na dizeli ikimwagika shamba la mtu limekwisha. Ndiyo sababu mimi nang'ang'ana na mafuta ya mimea.

Siku mafundi wa kuchimba walipokuja kuliona, tope lilikuwa bado kwenye oveni, nikilipima kama litahimili joto la chini ardhini. Harufu ya samaki ilifika hadi getini. Mafundi wenyewe walikuwa wazaliwa wa Ahero na Awasi, jirani na Kisumu, na kwetu mgeni haanzi shughuli kabla ya kula. Walinawa mikono kwenye sinki la maabara, wakaketi kwa adabu wakingoja ugali.

Nikawaletea jagi la tope jeusi.

Mzee wao alilinusa, akalitazama kwa muda, akalirudisha mezani taratibu.

"Mchuzi tumeuona, madam," akasema. "Sasa samaki yuko wapi?"