Gari Lililokataa Kusimama Asubuhi

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, ukungu bado umelala juu ya mteremko. Fundi Sikio ameketi nyuma ya usukani wa gari jeupe la umeme, hajagusa kitu. Kioo kilicho mbele yake kinaonyesha betri imejaa, asilimia mia moja. Gari limeshawaka, lakini halitoi mlio wala mtetemo.

Mwenye gari, mwalimu mstaafu, amesimama kwenye geti la nyumba yake, amejifunika shali. Amekataa kupanda. Huu ni mwisho wa wiki ya pili hajapanda.

"Ukiona breki hazishiki, litupe mtaroni," anamwambia fundi kwa sauti ya chini. "Usikubali likufikishe kule."

Kule ni mita mia nne kutoka hapo, barabara inapopinda mbele ya shule ya msingi. Ndipo gari hili lilipogoma kusimama mara mbili, saa hiihii.

Lilinunuliwa na mumewe, mpima ardhi, aliyefariki usingizini miezi kumi iliyopita. Kwa miezi saba lilikaa uani chini ya turubai, hakuna aliyetaka hata kulisogelea. Mwalimu alipoanza kuliendesha, mchana halikuwa na neno. Asubuhi, akifika mteremkoni, aliinua mguu na gari likaendelea kuteleza kana kwamba kuna mtu analisukuma. Akikanyaga breki, pedali ilikuwa ngumu kama jiwe, na mwendo ulipungua kidogo tu.

Mara ya pili kulikuwa na muuza maziwa mbele, anakokota baiskeli, amempa mgongo. Hakugeuka, kwa kuwa hakukuwa na cha kusikia. Gari lilimpitia ubavuni, likang'oa kioo cha pembeni kwenye usukani wa baiskeli. Muuza maziwa alinusurika, akachubuka kiwiko tu. Mwalimu anasema siku hiyo alisahau kabisa kwamba duniani kuna honi.

Mafundi wawili walilijaribu, wote mchana, wote kwenye barabara tambarare, na wote wakamrudishia funguo. Wifi yake hakuhitaji fundi: kwa maoni yake, marehemu kaka yake hataki gari lake liguswe. Binti wa mwalimu akaanza kwenda kazini kwa miguu.

"Nilimwambia huyu wa tatu, usije ukaniambia halina kitu," mwalimu analiambia gazeti hili. "Wawili wameshaniambia, na mimi nilikuwa naanza kumwamini wifi yangu."

Fundi Sikio ana miaka 51, na 27 kati yake ameitumia kwenye breki. Jina lake limetokana na tabia ya kuegemeza mpini wa bisibisi sikioni na ncha yake kwenye chuma kinachozunguka, ili asikie kinachoumwa. Mkewe, mshonaji, anasema mumewe husikia gari bovu lililo mtaa wa tatu, ila akiitwa mezani hasikii.

Magari ya umeme aliyaogopa. Miaka miwili iliyopita alijikaza, akakaa darasani wiki sita na vijana wa rika la kitinda mimba wake. Woga ulipungua, haukuisha. "La mafuta unajua liko wapi," anasema. "Hili unashtukia limeshafika."

Hakulipeleka gari la mwalimu gereji. Alimwomba alichaji kama kawaida yake, akaja alfajiri, akaliendesha peke yake, madirisha wazi.

"Nikaondoa mguu kwenye mafuta," anasimulia. Pedali ya mwendo bado anaiita mafuta, ingawa gari halina hata tone. "Halikujali. Nikakanyaga breki. Hapo nikasikia mtu anavuta pumzi, pumzi ndefu, nyuma ya kiti changu."

Aligeuka. Kiti kilikuwa kitupu.

Alishikilia kitufe cha breki ya kuegeshea mpaka gari likasimama, gurudumu moja likiwa mtaroni. Anakiri alikaa humo muda mrefu, akikwepa kutazama kioo cha nyuma. Kisha akashuka, akapiga jeki, akazungusha gurudumu la nyuma kwa mkono, bisibisi sikioni. Pumzi ilikuwa humo. Ilikuwa kutu, ikisuguana na pedi ya breki.

Gari la umeme, anaeleza, kwa kawaida hupunguzwa mwendo na mota yake, ambayo wakati huo hurudisha umeme kwenye betri. Breki zenyewe hukaa bila kazi. Miezi ya turubai ilizifanya diski zishike kutu, pedi zikawa ngumu, vibano vinavyozikandamiza pedi vikaganda. Na betri ikijaa pomoni, umeme hauna pa kurudi, mota haizuii tena. Kazi yote huangukia breki ambazo hazina nguvu. Mchana betri imeshapungua, kwa hiyo mafundi wale hawakuona kitu.

Mwalimu aliposikia hayo aliketi. "Mume wangu alikuwa akiniambia usijaze, ishia themanini," anasema. "Nilidhani anabania umeme. Nilipoanza kuliendesha nikawa najaza kila siku, nisije nikakwama njiani peke yangu."

Aliingia jikoni, hakutoka mpaka fundi alipofunga sanduku lake.

Kazi ilichukua siku tatu: diski na pedi mpya, vibano vikafunguliwa na kusafishwa, mafuta ya breki yakabadilishwa.

Sasa gari linateremka. Mwandishi, aliyeketi kando ya fundi, hasikii ila upepo. Geti la shule linatokeza ukunguni, limeshakuwa karibu. Fundi anakanyaga. Mikanda inabana vifua, gari linasimama, na kimya kinarudi.

Anarudia mara nne. Mara ya tano mwalimu anapanda, kiti cha nyuma, mpaka chini.

Fundi ana mpango mmoja: chumba cha kuta nene nyuma ya gereji yake, kisichoingiza redio wala kelele za barabara, awe anayasikiliza magari haya humo. Kuta zimefika magotini. Anatarajia kuezeka kabla mwaka haujaisha.

Anamwingiza mwandishi ndani ya kuta hizo, anamwomba anyamaze. Uani kuna gari la kijani, nalo la umeme, lililoletwa kubadilishiwa taa, fundi wa umeme analisogeza taratibu kivulini. Mwandishi hasikii kitu.

"Gurudumu la nyuma, kushoto," Sikio ananong'ona. "Mwenye gari hajui bado. Ngoja nimpigie kabla hajaja kulichukua."