Winga wa Upande wa Bondeni

Uwanja wa mpira wa kijiji chetu umelala upande. Ulichongwa mlimani kwa majembe kabla sijazaliwa, na nadhani waliouchonga walichoka kabla hawajafika usawa. Upande wa juu umepakana na shamba la tangawizi la kanisa. Upande wa chini hauna kitu. Mpira ukitoka huko unashuka kwenye migomba mpaka mtoni, na sheria yetu ni kwamba aliyeugusa mwisho anaufuata mwenyewe. Wengine wanakaa chini wanasubiri.

Kaka yangu hakupenda kwenda mtoni. Ndiyo sababu, akiwa bado mwanafunzi wa shule ya msingi, alijifunza kuusimamisha mpira juu ya mstari kabisa, mguu mmoja ndani, mwili mzima umeinamia bondeni. Wakubwa walimpanga upande huo kwa sababu hakuna mwingine aliyeutaka. Kipindi cha kwanza alikuwa winga wa kushoto. Kipindi cha pili, timu zikibadilishana magoli, alihamia kulia ili abaki kulekule chini. Baadaye, alipokuwa akicheza kwenye nyasi zilizonyooka kama meza, watangazaji wa redio walishangaa jinsi anavyotumia miguu yote miwili. Sisi hatukushangaa.

Kocha mmoja alimwona kwenye mashindano ya wilaya pale Same akamchukua. Alianza timu ya daraja la kwanza mkoa wa mbali, kisha akacheza Ligi Kuu misimu minne. Mama hakuwahi kuingia uwanjani hata mara moja. Alikuwa anamtazama kwenye televisheni ya kulipia kiingilio, kibanda umiza, kiti cha mbele, kitenge mabegani kwa sababu ya ukungu, na kaka akikwatuliwa alisema kwa sauti ya chini, "Mwacheni mtoto wa watu." Vijana walimcheka, lakini kiti kile hakuna aliyekikalia.

Mwaka ambao mimi nilikuwa nyumbani na shahada yangu, nikituma maombi ya kazi, mkataba wake uliisha na klabu kubwa ya Dar es Salaam ikamwita kwa vipimo. Alikuja kupumzika wiki sita kabla ya kwenda. Siku ya pili, tukiwa uani tunakwangua udongo kwenye tangawizi, alikunja suruali akanionyesha goti la kulia. Lilikuwa limejaa kama mkate uliokaa kwenye chai.

"Mechi ya mwisho," alisema. "Nimepima Moshi, kwa siri. Daktari anasema nikipumzika litapona. Nisikimbie, nisibebe kitu kizito, basi."

"Mama anajua?"

"Mama akijua, kanisa limejua. Kanisa likijua, Dar wamejua. Tunajua wewe na mimi, msomi."

Nilikubali. Mimi si mtu wa kubeba siri kirahisi. Nikiwaza jambo moja linazaa matatu, na yale matatu yananifuata mpaka kwenye sala. Wiki zile nilimtazama miguu kila aliposimama. Uvimbe ulikuwa unapungua. Wiki ya nne alishuka ngazi za jikoni bila kushika ukuta, akanigeukia akainua nyusi. Nilianza kuamini.

Jumapili ya wiki hiyo ikatangazwa kanisani kwamba Jumanne ni msaragambo. Kwetu maana yake ni kwamba pembe inapulizwa alfajiri, na kila nyumba inatoa mtu mmoja kwa kazi ya wote. Safari hii ilikuwa kusafisha ndiva, bwawa la kijiji ambalo hukusanya maji ya kijito yafunguliwe asubuhi kwenda mashambani. Lilikuwa limejaa matope na ukingo umebomoka. Nyumba isiyotoa mtu, jina la baba wa nyumba husomwa mbele ya watu kazi ikiisha. Baba yetu ni marehemu. Jina lake lisingesomwa kwa jambo la namna hiyo, na hilo hatukuhitaji kuambiana.

Mama alikuwa ameshuka kijiji cha Kisiwani, kule tambarare, kumuuguza shangazi. Kwa hiyo niende mimi. Tulikubaliana hivyo, na nilikuwa nimeshatoa buti nje. Jumatatu jioni ukaingia ujumbe: usaili kwa simu, Jumanne saa tatu asubuhi, shirika moja la maji lenye ofisi Same. Ulikuwa usaili wangu wa kwanza baada ya mwaka mzima wa kimya. Na mtandao kijijini unakamata vizuri mahali pamoja tu, kwenye mwamba ulio juu ya ndiva.

Niliwaza nimwombe mwenyekiti wa kijiji ruhusa. Lakini angesema, na kaka yako je? Ningesema anaumwa. Angesema, mbona jana alikuwa dukani anacheka na watu? Niliwaza kuwapigia wale wa shirika wabadilishe saa, nikaona wataniona si makini. Niliwaza mpaka pembe ikalia, na hakuna nilichoamua. Nilipotoka uani, kaka alikuwa ameshavaa zile buti nilizokuwa nimejitolea mimi nje.

"Nenda kwenye simu yako," alisema. "Mimi nitasimama kwenye mstari tu, napokezana makarai."

"Na goti?"

"Goti halijui kama ni msaragambo."

Nilisema, "Haya."

Nimeandika mitihani mingi na insha ndefu, lakini hakuna neno nililowahi kulirudia kichwani kama hilo haya.

Kutoka kwenye mwamba unaiona ndiva yote. Watu walikuwa wamepangwa mistari miwili, akina mama na wazee wakipokezana makarai ya matope, vijana wakibeba mawe ya ukingo. Kaka alianza kwenye mstari wa makarai kama alivyoniahidi. Yaliyosemwa pale niliambiwa baadaye na mwenyekiti mwenyewe, akiwa ameinamisha uso.

"Winga, hapo umekaa na mabibi," mmoja alimwambia.

"Napumzisha miguu ya watu wa Dar," kaka akajibu, wakacheka.

"Njoo kwenye mawe tuone. Au zile mbio ni za kwenye televisheni?"

Angewezaje kukataa bila kusema? Alikwenda. Jiwe lilikuwa la watu wawili. Mwenzake aliteleza, uzito wote ukamgeukia kaka, mwili ukazunguka na buti limebaki limenaswa kwenye tope.

Nilichokiona mimi ni mistari kusimama. Kisha watu wakakusanyika mahali pamoja, na karai moja likabingirika peke yake ukingoni. Nilijua. Sikukisia, nilijua.

Simu ikaita.

Nilipokea. Nilitaja jina langu na chuo nilichosoma. Mwanamke mwenye sauti ya upole akasema, "Tueleze umewahi kushiriki vipi katika kazi za jamii yako." Na mimi, nikiwatazama watu wakikata miti ya machela, nilimweleza msaragambo ni nini. Nilieleza vizuri. Nilisema kila nyumba inatoa mtu wake.

Kano lilikuwa limekatika. Walimpasua Moshi. Klabu ya Dar ilisubiri wiki mbili ikachukua winga mwingine, na sina cha kuwalaumu. Mwaka uliofuata alijaribu timu ya daraja la chini, akacheza dakika ishirini, akainua mkono mwenyewe atolewe. Alirudi nyumbani akiwa na miaka ishirini na saba. Sasa analima tangawizi. Mama haendi tena kibanda umiza. Anasema macho yanamuuma.

Mimi kazi niliipata. Nakaa Same, kwenye joto na upepo, na dirisha la ofisi linatazama milima. Kijiji chetu kiko nyuma ya ule wa pili. Jumamosi napanda.

Miezi michache iliyopita nilimkuta uwanjani, amekaa juu kwenye ukingo wa shamba la kanisa, mguu ameunyoosha. Vijana walikuwa wanacheza. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu Same, nikiyapanga na kuyapangua, lakini yalitoka ovyo.

"Siku ile niliona," nilisema. "Niliona umeanguka. Nikaendelea kuongea na simu."

Hakugeuka. Alimfuata kwa macho winga wa upande wa chini.

"Huyu anachelewa kusimama," alisema. Kisha akasema, "Mwamba unaonekana pia ukiwa ndivani. Nilikuwa nimelala chali, nakuona umesimama na simu sikioni. Mwenyekiti alitaka kukuita. Nikamwambia usimwite, mwache amalize."

Nilifikiria pole, nikafikiria asante. Yote mawili yalikuwa madogo.

"Ulijibu vizuri?" aliuliza.

"Nilijibu vizuri."

"Basi."

Mpira ukatoka chini. Aliyeugusa mwisho alikuwa na buti moja limechanika, akasimama mstarini anautazama ukishuka kwenye migomba. Kaka aliweka mkono chini kama anayetaka kuinuka, nahisi ni mazoea tu ya mwili, kisha akaurudisha juu ya goti.

Nikavua viatu vyangu vya ofisini, nikaviacha karibu naye, nikaenda mtoni.