Ujumbe Wangu Kuhusu Muhogo Mchungu

Nilimwahidi shangazi yangu, mkulima wa Mahurunga aliyenilea, kwamba nisilolijua nitasema silijui. Ilikuwa asubuhi niliyoondoka kwenda kuanza ualimu. Alinishika mkono, hakuuachia mpaka nilipoitamka ahadi kwa sauti.

Ahadi hiyo niliivunja Jumapili moja mchana, tena kwa mzaha.

Katika kundi letu la ukoo la simu, shemeji yangu, karani wa bandarini aliyekuja kutoka bara akamwoa dada yangu, alituma picha ya ugali wa muhogo. "Mashemeji, mliniozesha au mliniadhibu? Huu ukirushwa ukutani unabaki huko huko."

Nikamjibu, "Kula, shemeji. Hapo ndipo utajua wanaume wa kwenu wana meno au wana mapambo."

"Haya, mwalimu, niambie. Muhogo mchungu una sumu. Nani aligundua kwamba ukilowekwa siku kadhaa na kuanikwa unalika? Na waliouonja kabla yake walizikwa wapi?"

Tulicheka, kisha mzaha ukageuka hoja. Yeye alishikilia kwamba mgunduzi huyo alikuwa mwanasayansi, ingawa hakuna kitabu kilichohifadhi jina lake. Mimi nilisema sayansi huanza pale mtu anapotafuta sababu na kuipima. Wanawake waliokuwa wakiloweka muhogo walirithi mazoea.

"Na wewe sababu unaijua?"

Sikuijua. Niliandika: "Kuloweka ni mazoea tu. Moto unaua sumu yote. Wangefanya majaribio, wangechemsha wakala siku hiyo hiyo."

Vidole gumba vikamiminika. Jioni ukaja kundini ujumbe wa sauti wa shangazi: "Ahsante, mwanangu. Nimeng'oa mihogo michungu leo. Kesho nawachemshia wajukuu."

Nilimpigia, hakupatikana. Nikafungua madaftari yangu ya chuo. Kuchemsha hakutoshi kuiondoa sumu ile; moto huharibu kitu kilichomo ndani ya muhogo wenyewe ambacho, ukilowekwa, huifungua sumu ikatoka.

Alfajiri nilikodi bodaboda kutoka Naliendele, ninakofundisha, hadi Mahurunga. Nikamkuta anamenya.

"Shangazi, usichemshe!"

"Kumbe ulikuwa unatania?"

"Hapana. Nilikuwa sijui, nikajifanya najua."

Akaweka kisu chini. "Mwaka wa njaa tulipunguza siku za kuloweka. Watoto wakaamka miguu haiwabebi. Tulipoona hivyo, siku zote tukazirudisha."

"Sasa kwa nini ulinisikiliza mimi?"

"Nilidhani huko ulikosoma mmeona kubwa kuliko nililoliona mimi."

Majaribio niliyodai hayakufanywa yalikuwa yamefanyika mbele ya macho yake, na baadhi ya watoto wale, watu wazima sasa, wanatembelea fimbo kijijini humo.

"Kaseme kule kule uliposema," aliniambia.

Nikakanusha kundini nikiwa nimekaa kando yake, bila utani hata kidogo. Shemeji akajibu haraka: "Shemeji, mimi ujumbe wako nimeshautuma kwa wenzangu wa kanisani, nao wamewatumia wengine."

Tangu siku hiyo naufuata ujumbe ule kundi kwa kundi. Nimeukuta kwa walimu, nimeukuta kwa wavushaji wa kivuko cha Kilambo, na kila ninapoukuta naandika kwamba nilikosea. Sitaacha.

Kama umekufikia wewe pia, ujue mwandishi wake ni mimi, na nilikuwa nakisia. Naomba umwambie aliyekutumia, na kila uliyemtumia, kwamba muhogo mchungu usichemshwe na kuliwa bila kulowekwa na kuanikwa.