Siagi ya Mkwe

Mzee Kimeli wa Kaplong alichuma majani chai kwa vidole vyake mpaka mashine zikamtoa shambani. Tangu hapo alishika neno moja: dunia imeharibika kwa sababu watu hawasomeki. Zamani ulitazama ndewe, yale matundu ya masikio ya mtu, na jinsi alivyofunga shuka, ukajua rika lake na nyumba yake. Siku hizi mchungaji na mwizi huvaa suti moja.

Siku ya kumposa bintiye Cheptoo, wageni walitoka Kericho. Mazungumzo yalikuwa yamepitia kwa wajomba, hivyo Kimeli hakuwa amemwona mposaji, Ojwang, Mjaluo aliyezaliwa katika kambi za chai. Mlangoni akamkuta kijana mwenye rasta na hereni, akamtuma akalinde gari. Kijana akaenda, akarudi wakati wa maombi.

Wote wakafumba macho. Kimeli akachovya vidole kwenye siagi, akampaka kwenye paji la uso kijana wa suti aliyeketi kati ya wageni, akidhani ndiye mposaji. Kwa Wakipsigis, hapo maneno yamekwisha: aliyepakwa ni mwana wa nyumba.

Walipofumbua macho, wageni wakatazamana. Yule wa suti alikuwa Jackton, dereva. Alikaa wima, siagi ikimteremkia puani, akidhani ndivyo wageni wanavyokaribishwa huku.

“Umemwoza mtoto kwa dereva,” mkewe Sally akamwambia polepole.

Shangazi mmoja akauliza dereva ana wake wangapi.

“Mmoja, mama, na amenitosha.”

Cheptoo alijifunika uso. Haikujulikana analia au anacheka. Kimeli akabaki na mkono hewani. Siagi haifutwi. Na wazee ambao wangemwambia la kufanya wamelala chini ya migomba, hakuna aliyewauliza kitu walipokuwa hai.

Yule wa rasta akaja, akapiga magoti. “Baba, Ojwang ni mimi. Kama imebaki, nipake.”

Alipoinama, Kimeli akaona tundu la sikio. Baba mzazi wa Kimeli alitogwa mahali hapo hapo, kisha walipobatizwa akashonwa ndewe ili asionekane mshenzi, akaona aibu mpaka kufa. Sasa nani mshenzi, na nani amemwiga nani? Kimeli akachovya vidole tena. Akampaka.

Jackton akainuka atoke.

“Kaa,” Kimeli akamwambia. “Sijui sasa wewe ni nani wangu, lakini kaa.”