Siku Seremala Aliporudi Amezeeka

Siku ya kwanza ya kazi nilipewa ndoo. Kipaza sauti kilikuja baadaye, na nilikitwaa mwenyewe. Ndoo ilikuwa ya kumwagia maji sakafu ya banda la video pale Singida mjini. Sakafu ilikuwa ya udongo. Watu wakishangilia wanapiga miguu chini, vumbi linapanda, linaingia kwenye deki, na picha yote inakuwa chenga. Ndani ya deki mna kichuma kinachozunguka na kuisoma kanda, tulikiita kichwa. Kichwa kilisafishwa kwa spiriti na kitambaa laini, polepole, kama unavyomsafisha mtoto jicho. Ninyi mnaotelezesha kidole kwenye simu hamkuijua adabu hiyo.

Biashara zilikuwa zimefunguliwa. Vitu vilivyokuwa vya magendo vikawa vinapangwa dukani mchana kweupe. Mwenye Banda alikuwa mfanyabiashara wa pale mjini, upande wa baba walitoka pwani, upande wa mama ni Wanyaturu. Aliacha kuuza kanga akanunua televisheni, deki na jenereta. Mimi nilitoka Mwankoko. Darasa la tatu nililiacha katikati, mume alikwenda zake, nilichojua ni kulima na kusema. Kulima kulinichosha. Kusema kumenilisha maisha yangu yote na sioni aibu kulitamka hilo.

Kulikuwa na mtafsiri, kijana mpole, kazi yake kuwaeleza watazamaji kinachosemwa kwenye picha. Filamu alizimudu vizuri. Kwenye mieleka alikuwa kama anasoma tangazo la msiba: "Sasa anamshika. Sasa amemwachia." Siku moja nimesimama mlangoni na ndoo yangu, uvumilivu ukaniisha. Nikapaza sauti: "We baba, geuka! Mwenzio kabeba kiti, utapasuliwa hilo bichwa!" Banda zima likalipuka. Mwenye Banda akanijia.

"Zaina, Kiingereza umejifunzia wapi?"

"Sikijui hata neno moja, Mwenye Banda. Kwani mtu anapigwa kiti kwa Kiingereza?"

Akacheka mpaka kofia ikamdondoka. "Haya, weka ndoo chini."

Kuanzia hapo kijana akabaki na filamu zake, mieleka ikawa yangu.

Mieleka iliyopendwa kwetu haikuwa ile ya makampuni makubwa, yenye fataki na mataa. Ilikuwa ya kundi dogo la huko Ulaya au Amerika, sijui, waliojitegemea, wakipigania kwenye ukumbi usiozidi ukumbi wetu wa mikutano, wakijirekodi na kuuza kanda watu wakatazame majumbani. Tuliiita mieleka ya damu. Mle ndani kuna viti vya kukunja, meza za kuvunjiana mgongoni, na badala ya kamba wanazungusha seng'enge, waya ule ule wa miiba tunaofungia mashamba. Majina yao ya kweli sikuyajua wala sikuyatafuta. Yule wa meza nikamwita Seremala. Hasimu wake wa kwenye waya nikamwita Seng'enge. Kila mmoja nikampa sauti yake. Seremala alikuwa na sauti nzito ya kujivuna, na watu wakawa wanaidai hata nje ya banda.

Mwenye Banda alinifundisha kanuni moja tu. "Kanda izimwe wangali maadui," aliniambia. "Wakishapeana mikono, nani atarudi kesho?" Kwa hiyo kila pambano likielekea ukingoni nilikaa na kidole juu ya kitufe cha kuzimia. Ule uhasama ulikuwa mali, nami nilikuwa mlinzi wake.

Alinipeleka kwenye banda lake la Ihanja, kando ya barabara kuu. Watazamaji wa pale ni madereva na utingo, wana haraka, unawapa damu mapema kabla gari halijapigiwa honi. Kisha akanipa banda la Mtinko nilisimamie mwenyewe. Mwanamke, darasa la tatu, msimamizi! Shemeji zangu walioniita mzururaji wakaanza kunisalimia wa kwanza.

Shida ya Mtinko ilikuwa Mtendaji wa Kata. Vijana wakitoka kutazama walivunjiana mabenchi ya watu. Akanifuata, mkononi ana kufuli jipya.

"Mama, unaliona hili?"

"Naliona, Mtendaji. Zuri."

"Fujo moja tena, hata ndogo, nalifunga kwenye mlango wako na ufunguo naondoka nao."

Hakuwa mtu wa kutania. Banda likifungwa, mimi narudi kwenye jembe, na jina langu linarudi kuwa mzururaji.

Ndipo ikaja ile kanda. Mwenye Banda aliileta mwenyewe siku ya mnada, asubuhi, imeviringishwa gazeti. Aliyemuuzia alimweleza kwamba lile kundi dogo lilikuwa limevunjika zamani, kila mtu akashika njia yake, na sasa wameitana tena kwenye ukumbi ule ule, wapigane mara moja tu ya mwisho. Sikusubiri kuitazama. Nikapanda na kipaza sauti mnadani, katikati ya mbuzi na vitunguu: "Wanarudi! Seremala na Seng'enge, leo!"

Mchana banda lilijaa hadi wengine wakakalia ndoo. Madirisha tumeyaziba kwa magunia. Wafugaji waliacha fimbo zao mlangoni kama ilivyo desturi, zikawa lundo. Mtendaji akasimama pale pale kando ya lundo, kufuli mkononi.

Picha ikaja. Kanda ilikuwa kopi iliyotolewa kwenye kopi, rangi zimevuja, lakini mtu alionekana. Akatokea mlangoni mwa ukumbi mzee mnene, kichwa kipara, goti limefungwa bandeji.

"Huyo nani?" mtu akauliza.

"Babu yake Seremala!" Wakacheka. Kisha hawakucheka tena.

"Mama, tumetapeliwa! Huyu siye!"

"Alete Seremala wetu!"

Nami, nasema kweli, sikumtambua. Nimemsemea miaka yote na sikumtambua. Nikaona vijana wanainuka kuelekea kwenye fimbo. Mtendaji akalifungua kufuli, nikausikia mlio wake, klik.

Mbele kabisa alikaa Mzee Njiku, mfugaji, aliyekaa karibu kwa sababu macho yalikuwa yamefifia. Akainua mkono.

"Wewe mama. Mrudishe pale anapotokea mlangoni."

Nikarudisha nyuma. Yule mnene akatoka upya, akatembea.

"Tena."

Nikarudisha tena. Waliokwishashika fimbo wakasimama nazo, wanamtazama mzee, si picha.

"Mguu wa kushoto anautupia nje," akasema Mzee Njiku. "Ndiye. Ng'ombe wangu akipotea nikaja kumkuta kwenye zizi la mtu, amenenepa, pembe zimekua, simuulizi jina. Nasema mtembezeni. Huyu ndiye, ketini chini ninyi."

"Na bega!" mwingine akadakia. "Mwoneni bega lilivyoinama! Ndiye!"

Nikakamata kipaza sauti. "Mmesikia? Ni Seremala, amezeeka kama baba zenu walivyozeeka. Sasa semeni, huko makwenu mzee akiingia mnakaa hivyo hivyo mmemtumbulia macho?"

Sauti moja ikatoka nyuma, ya mtu mwenye fimbo mkononi: "Shikamoo, Seremala."

Banda zima likafuata: "Shikamoo!"

Nikavuta ile sauti nzito ya kujivuna. "Marahaba, wanangu! Hamjambo Mtinko?"

Nimesimulia mapambano mengi, sijasimulia kama lile. Wazee wale walipigana kweli. Seremala alipanda juu ya meza kwa kusaidiwa na kamera, ndiyo, alimshika mpiga picha bega, kisha akajirusha. Seng'enge, mvi tupu, aliingia kwenye waya ule ule uliompa jina. Kila mmoja alipoanguka, vijana walisema "Pole, mzee," na haikuwa dhihaka. Mimi niliwaheshimu siku zote kwa nguvu zao. Siku ile niliwaheshimu kwa kujitokeza na vipara vyao mbele ya watu waliowajua wangali vijana.

Mwisho Seng'enge akanasa kwenye waya. Seremala akainama, akaanza kuuchomoa mwiba mmoja mmoja. Nikajua kinachokuja. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Nyuma yangu Mwenye Banda akakohoa, ndiyo ishara yetu.

Nikakitoa kidole.

Seremala akavua fulana, akamfuta mwenzake damu usoni, wakakumbatiana. Nikakishusha kipaza sauti. Ndiyo mara pekee niliyokishusha kanda ikiendelea.

"Wanalia?" akauliza Mzee Njiku.

"Wanalia, mzee."

"Waache walie."

Watu walitoka taratibu kama wanaotoka kwenye ibada. Kila mtu alichukua fimbo yake. Mwenye Banda alikuwa amenuna. "Umeshawapatanisha. Kesho utawaonyesha nini?"

"Nitawaonyesha hiyo hiyo."

Na walikuja, wakaleta na baba zao. Siku ile ya kwanza Mtendaji naye alikuwa amepata nafasi ya kukaa, akatazama mpaka mwisho, akaondoka kufuli ameliacha kwenye benchi na ufunguo wake. Sikumrudishia. Ndilo nililofungia mlango wa banda hadi nilipostaafu.

Kustaafu kwangu hakukuwa na sherehe. Zikaja sidii, vikaja ving'amuzi, kila nyumba ikawa banda. Nikauza jenereta aliyoniachia Mwenye Banda, nikarudi Mwankoko kwenye alizeti zangu. Sinung'uniki. Nimejenga kwa koo langu.

Juzi nilikwenda mnadani Mtinko kununua mbegu ya vitunguu. Miaka imepita, sura yangu imebadilika, na hata bandani nilikuwa kando, gizani, wao wametazama picha. Nikawa nabishana na muuzaji, nikamwambia mbegu zake zimeoza. Mwanaume mmoja jirani, mvi zimemjaa, akageuka.

"Mama, hebu sema tena."

"Niseme nini? Nimesema zimeoza!"

Akaweka mzigo wake chini, akavua kofia. "Shikamoo, Seremala."

Koo limezeeka, lakini nilivuta hewa, nikaitafuta ile sauti nzito mpaka nikaipata.

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo Mtinko?"