Supu ya Mihogo ya Mpakani

Mimi ni mtu wa kisiwani. Nilizaliwa Mkwiro, mahali ambapo ardhi ni mawe matupu na maji ya kunywa hukingwa mvua inaponyesha, na mpaka naolewa sikuwa nimewahi kushika jembe ila kulisogeza lisiwe njiani. Nalisema hili mapema kwa sababu mavyaa wangu, mama wa mume wangu, alilisema kila siku kwa miaka miwili. Kila aliposema nilikasirika, na hasira zile nusura zimuue.

Shamba lao lilikuwa juu ya Msambweni, upande wa bara, mwendo mrefu kwa miguu kutoka barabarani. Ilikuwa mwaka wa pili baada ya uhuru. Mume wangu alikuwa Mombasa, bandarini, akipakua mizigo, na baba yake alikwishafariki, kwa hivyo shambani tulikuwa wanawake wawili, mahindi, mihogo, mbuzi sita na nyani wasiohesabika. Uhuru tulikuwa tumeupata, lakini nyani hawakuambiwa.

Mahindi yakianza kukomaa, ilibidi mtu akae juu ya dungu, kile kijukwaa cha miti cha kulindia shamba, tangu alfajiri mpaka jua kuzama, na debe la kupiga na kombeo la kurushia mawe. Ukishuka kwa kitambo cha kuswali rakaa nne, ukirudi safu mbili zimevuliwa nguo. Nyani walikuwa wa mchana. Wa giza walikuwa nguruwe mwitu, na hao mavyaa alikuwa na dawa yao.

Dawa yenyewe ilikuwa mihogo. Ukingoni mwa shamba, pale linapokutana na msitu, alipanda mistari miwili ya mihogo michungu, makusudi. Nguruwe akija akafukua mzizi wa kwanza, akakutana na uchungu ule, humwona mwenye shamba kuwa mtu mbaya, akaenda zake kwa jirani. Mihogo mitamu, ya kula, ilikuwa ndani, karibu na nyumba. Ukiitazama juu ya ardhi huwezi kuitofautisha kama hukuzaliwa shambani.

Mambo haya alinieleza siku tuliyopanda. Alisimama na kijiti cha mhogo mkononi, akaonyesha hapa na pale, akaeleza kwa utulivu. Mimi sikusikia hata neno moja, kwa sababu nilikuwa nimenuna. Asubuhi ile aliwaambia wanawake waliokuja kutusaidia, "Mkazamwanangu huyu, mkimpa jembe atatafuta maji apige makasia." Walicheka mpaka wakashika mbavu. Kwa hivyo aliponielekeza mistari ya mpakani nilikuwa nikitazama miguu yangu na kuitikia, "Ndiyo, mama. Ndiyo, mama."

Mwaka uliofuata, mvua za masika zilikataa kwisha. Mavyaa alipalilia siku nne mfululizo, nguo zimemgandama mwilini, na siku ya tano hakuamka. Nilimkuta amejikunja kitandani, meno yakigongana, na nguo zote za ndani ya nyumba amejirundikia. Nilimgusa paji la uso nikaondoa mkono upesi. Mama huyu sikuwahi kumwona akilala jua likiwa juu, na niliogopa. Nikamchemshia mwarobaini, akanywa kikombe kizima bila kukunja uso.

"Nikupikie nini, mama?" nikamuuliza. "Kuna samaki mkavu aliyeletwa kutoka kwetu."

"Samaki wako leo usiniletee, harufu yake itanitapisha," akasema. "Nipikie supu ya mboga. Ya moto. Tia tangawizi na pilipili manga, ipate kunitoa hii baridi mifupani."

Alisema kweli, mgonjwa wa homa na samaki wapi na wapi. Lakini mimi nilisikia "samaki wako" tu. Kitu pekee nilichojua kupika kikasifiwa ni samaki, na sasa hata hicho kilikuwa kimetupwa nje.

Nikawasha moto. Kuni zilikuwa mbichi kwa mvua, moshi ukanijaa machoni. Nikachuma mchicha, nikakata boga, nyanya mbili na kitunguu, nikaponda tangawizi kipande kizima na pilipili manga punje kumi. Nikakuna nusu nazi kwa ajili ya tui. Kutoka kitandani mavyaa alikuwa akinisikiliza, na kila kilichofanyika jikoni alikijua kwa masikio.

"Onja chumvi," akasema.

"Nimefunga, mama." Nilikuwa nikilipa siku zangu za Ramadhani.

"Najua umefunga. Onja kwa ncha ya ulimi, uteme. Haifungui. Mwanamke mpishi ameruhusiwa."

Na hilo nalo nilijua, mama yangu alinifundisha nikiwa mdogo. Lakini sikutaka kufundishwa jiko na dini siku moja. "Nimefunga, mama," nikarudia, kwa sauti ya mtu aliyefunga kuliko watu wote wa pwani.

Hapo ndipo nikasikia nyani. Walibweka mara moja tu, upande wa msituni. Yale mahindi ndiyo yalikuwa chakula chetu cha mwaka. Nikaacha chungu motoni nikakimbia, kanga nimejifunga kiunoni, nikapanda dungu na kupiga debe kama mwenda wazimu. Walikuwa wengi. Dume lao kubwa lilikaa juu ya kichuguu likanitazama, hindi mkononi, halina haraka. Nikalirushia mawe matatu na yote yakakosa.

Waliporudi nyuma kidogo, nikaiona shida yangu. Supu ile ilikuwa nyepesi mno. Mgonjwa hajala tangu jana na maji matupu yasingemsimamisha, alihitaji kitu kizito ndani yake, mhogo. Mihogo ya karibu na nyumba ilikuwa mbali na pale, na nikiichimba huko nitawapa nyani mgongo kwa muda mrefu zaidi. Lakini hapa chini ya dungu, hatua kumi tu, kulikuwa na mihogo, mashina manene, imejipanga vizuri, hakuna aliyeigusa. Nilijiuliza hata kwa nini hatukuwahi kuila. Nikashuka, nikang'oa shina moja huku jicho moja liko msituni, nikapata mihogo mitatu mikubwa. Nilifurahi. Naikumbuka furaha ile, na mpaka leo inanitia aibu.

Jikoni nikamenya haraka haraka, nikakata vipande vidogo vidogo viwahi kuiva, nikafunika chungu. Kipande kimoja kilibaki juu ya kibao. Vilipolainika tu nikatia tui, nikakamua ndimu, nikapakua bakuli tele, moshi wake unanukia tangawizi mpaka mlangoni. Kwa mara ya kwanza tangu nilipoolewa nilijiona mtu wa nyumba ile.

Nikamwinua nikamwegemeza ukutani. Akanywa kijiko cha kwanza, akafumba macho kwa ajili ya ule moto. Akanywa cha pili, akala na kipande cha mhogo. Akasimamisha kijiko.

"Chungu," akasema.

Sijui ni njaa ya saumu, au moshi, au yule nyani na hindi langu. "Mama," nikasema, "tangu alfajiri napanda nashuka kwa ajili yako. Kila kitu changu kwako ni kichungu. Kama supu ni chungu, imwage!"

Sikuwa nimewahi kumjibu hivyo. Alinitazama, na mimi nikasimama pale nikingoja matusi ambayo nilikuwa nimeyataka mwenyewe.

"Ni mdomo wangu," akasema polepole. "Ni ule mwarobaini. Supu yako nzuri." Akaendelea kula, kijiko baada ya kijiko, nami nimemsimamia kama askari, mpaka bakuli likabaki jeupe. "Haya, nenda kwa nyani wako."

Nikaenda. Nilikaa juu ya dungu nikijisikia mshindi. Jua lilikuwa limeanza kulegea, na nyani walikuwa wametulia, nilipoona bibi mmoja jirani, rafiki wa mavyaa tangu ujana wao, akipita na kikapu kwenda kumjulia hali. Nikamwamkia shikamoo kwa sauti kubwa kutoka juu, akapunga mkono. Haikupita muda nikamsikia akiniita, na namna alivyoniita ilinifanya niruke badala ya kushuka.

Mavyaa alikuwa kizingitini, ameshika mwimo wa mlango kwa mikono miwili. Alikuwa ametapika. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu, na pumzi aliivuta kwa haraka kama aliyekimbia.

"Nyumba inazunguka," akasema. "Nishikeni."

"Amekula nini?" jirani akaniuliza.

"Supu ya mboga tu, bibi. Na mihogo."

Aliingia jikoni. Nikamwona akiinama kwenye kibao, akaokota kile kipande kibichi kilichobaki, akakimega kwa meno ya mbele. Akakitema papo hapo, akatema na mate mara mbili.

"Hii umeichimba wapi?"

Nikanyoosha kidole.

"Mpakani?" akauliza. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza. "Umempa mwenzio mihogo ya nguruwe?"

Hapo maneno yote ya siku ya kupanda yakanirudia, moja moja, kana kwamba yalikuwa yameningoja nje: mistari miwili, usiiguse, ina sumu, imeua mtoto wa fulani. Na mimi nikisema ndiyo, mama.

Jirani alimtia vidole kooni akamtapisha tena, na tena. Mimi nilitumwa madafu, nikayaangua kwa upondo, mti mrefu, huku nikisoma dua zote ninazozijua, nikayakata nikijikata na vidole. Tukamnywesha maji ya dafu na sukari. Alikuwa akiyarudisha, tunampa mengine. Kijito cha kwenda Msambweni kilikuwa kimefurika, jirani akapiga ukelele kuita wanaume waje na kitanda cha kamba wajaribu kumvusha hospitalini. Adhana ya magharibi ilisikika kwa mbali nami nikaisahau. Hata kufuturu sikufuturu.

Watu walianza kujaa uani. Na nilipowaona, hofu ya pili ikaingia juu ya ile ya kwanza. Mkazamwana aliyemlisha mavyaa wake sumu, na watu wote wanajua hawapatani, ataeleza nini? Nani ataamini kwamba mtu anaweza kukaa shambani miaka miwili asiujue mhogo mchungu? Nilijiona nimerudishwa Mkwiro na neno lile mgongoni, na mume wangu akilisikia huko bandarini kutoka midomo ya watu.

Mzee mmoja, shemeji yake mavyaa, akachuchumaa mbele yake. "Pole sana, dada. Umekula nini?"

Mavyaa alikuwa ameegemea kifua changu. Nilihisi anavuta pumzi kwa shida kabla ya kusema.

"Mihogo. Niliichimba mwenyewe jana, kabla homa haijanizidi. Nikakosea mstari."

"Wewe?" akasema yule mzee. "Wewe ukosee mihogo?"

"Mimi. Macho yamezeeka. Huyu kanipikia tu nilichompa."

Jirani aliyejua yote akanitazama, kisha akamtazama yeye. Akaingia jikoni akakusanya maganda, akayatia motoni, akatoka akipangusa mikono.

Hawakuhitaji kumvusha. Kitanda kilipoletwa pumzi yake ilikuwa imeanza kutulia, na kufikia asubuhi aliomba maji mwenyewe. Wiki ile yote nilimlisha uji kwa mkono wangu, nikionja kila kijiko kabla yake. Saumu nilizilipa baadaye.

Siku aliyoweza kutoka nje kwa fimbo, alinishika mkono akanipeleka mpakani. Akanionyesha tena ile mistari miwili, kwa utulivu uleule, na safari hii nilisikiliza mpaka mwisho. Kisha nikamuuliza kwa nini alimaliza lile bakuli hali ameonja uchungu.

"Nilidhani ni mwarobaini," akasema. "Baadaye nikadhani sivyo. Lakini ulikuwa umesimama pale, na ile sura yako. Nikasema nikikirudisha kijiko, mtoto huyu atafunga mizigo leo, nami nimekwisha kumzoea."

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na miaka yote hiyo watu walimcheka. Kwenye arusi wakipakua mihogo, mtu hakosi kusema, "Mngojeeni bibi aionje kwanza, yeye ndiye fundi." Alikuwa ndiye mkulima bora wa mihogo upande ule wote, na akataniwa hivyo mbele ya wanawake aliowafundisha kupanda. Alicheka nao, akasema uzee ni kitu kibaya. Mimi nilikuwa palepale kila mara, nikipakua chakula, nikiinamisha macho.

Siku ya hitima yake, baada ya dua, mtu mmoja akakumbusha habari ile, na ua wote ukacheka kicheko cha machozi, namna watu wanavyomcheka wanayempenda. Nami nikacheka pamoja nao. Yule jirani wa zamani alikuwa hai bado, amekaa jamvini mkabala nami. Hakucheka, alinitazama tu, akangoja niseme. Sikusema.

Nasema sasa. Ile mihogo niliichimba mimi.