Kisu cha Baba na Mkono wa Ami Juma

Enzi zetu pale Gazi mtoto hakuhitaji saa, maji ndiyo yaliyompangia siku. Yakipwa tulikuwa mikokoni tukichimbua kaa kwa vijiti, tope hadi magotini. Yakijaa tulikuwa chuoni tukiyumba mbele ya juzuu zetu za Kurani, tukisoma kwa sauti moja ili mwalimu asijue nani hajui. Jioni sisi wasichana tulicheza mdako kwa vijiwe barazani mpaka mama aite, "Mwanasha! Njoo ukune nazi." Tulikula sima kwa samaki wa kupaka katika sinia moja, na aliyechelewa kunawa alikuta miiba. Wajukuu wangu wa leo wakipewa samaki mwenye kichwa, huuliza kwa nini anawatazama.

Baba yangu, Rashidi, alikuwa mvuvi wa mshipi, yaani uzi na ndoana. Alikuwa na mtumbwi mdogo wa kuchonga, wa watu wawili, wa kupiga kafi. Mwenziwe humo alikuwa jirani yetu, Ami Juma. Hakuwa ndugu wa damu, lakini tulimwita ami, naye alitukemea na kutugawia madafu kama ami wa kweli. Juu ya uvuvi, Ami Juma alikuwa mpiga ngoma. Watu walitoka hadi Msambweni kuja kumchukua kwa harusi zao. Akianza kupiga ngoma ya sengenya, hata mama yangu, mwanamke wa haya nyingi, aliuweka mwiko chini akasimama mlangoni, mabega yakimcheza.

Baba alipenda vitu vizuri. Alikuwa amenunua kisu Mombasa, mpini wa pembe, ala ya ngozi nyeusi, na alikivaa kiunoni kila alipokwenda baharini. Akipita pwani mkono wake ulikaa juu ya ule mpini, nasi watoto tulimfuata nyuma tumejaa fahari. Kisu cha Ami Juma kilikuwa kimekwisha kwa kunolewa, chembamba kama jani, mpini umefungwafungwa kwa uzi wa mshipi. Lakini kila arudipo alikiosha kwa maji ya kisima, akakifuta, akakipaka mafuta ya nazi.

"Juma," baba alikuwa akimwambia, "hicho ni kisu ama ni mtoto mchanga?"

Ami Juma alicheka tu, akaendelea kupaka.

Kila alfajiri mama aliuliza, "Kisu umechukua?" Baba aliipiga ile ala kwa kiganja. "Hiki hapa." Mama hakuwahi kuuliza kama kinachomoka.

Siku ile mimi ndiye niliyewapelekea pwani muhogo wao wa kuchemsha. Ami Juma alijipapasa kiunoni akasema, "Kisu nimekiacha jikoni, mke wangu alikuwa akiparia samaki. Ngoja nikakichukue."

"Muachie," baba akasema. "Mtumbwi mmoja visu viwili vya nini? Mimi nimebeba."

Ami Juma aliitazama nyumba yake, akautazama mtumbwi, kisha akaingia. Nilisikia kwa masikio yangu.

Yaliyotokea nje ya miamba baba alimsimulia mama, nasi tulisikia nyuma ya ukuta. Taa mkubwa, yule samaki mpana wa mkia mrefu, alimeza ndoana ya Ami Juma, akazama kwenda chini. Mshipi ukamviringa Ami Juma vidole vya mkono wa kulia, ukakaza. "Kata, Rashidi! Kata!" Baba akavuta kisu. Kisu hakikutoka. Chumvi ilikuwa imekila chuma kikagandana na ngozi. Akaibana ala kwa magoti, akavuta kwa mikono miwili, mtumbwi ukalala ukaanza kuchota maji, na mwenziwe amejikaza ukingoni akilia, "Kata!" Mwisho baba aliuchukua mshipi akautia menoni. Ulikatika, na jino likaenda nao. Lakini ulikuwa umekwisha kufika mfupani.

Nilikuwa pwani waliporudi. Baba alipiga kafi peke yake, kidevu kimejaa damu. Ami Juma alikaa mbele, mkono umefungwa kwa shati la baba. Watu wakakimbilia majini wakiuliza, na kabla baba hajafungua kinywa, Ami Juma akasema, "Makosa yangu. Nilijizungushia mshipi mkononi mwenyewe. Mambo yalikuwa ya ghafla, Rashidi asingewahi." Baba akainama, akauvuta mtumbwi mchangani. Kile kisu kilikuwa bado kiunoni, kizuri kama siku zote.

Hospitali ya Msambweni walimwondoa vidole viwili.

Nyumbani baba aliipiga ile ala kwa jiwe mpaka ikapasuka. Kisu kilitoka chekundu kwa kutu, makali yamemomonyoka. Mama alikitazama, akarudi jikoni. Nadhani angemtukana baba, sote tungepumua.

Tangu hapo baba aliacha kukaa barazani. Ijumaa alisali safu ya nyuma karibu na viatu, akatoka kabla watu hawajapeana mikono, kwa kuwa alijua mkono mmoja wenye vidole vitatu ungekuja kwake. Mimi nilitumwa kupeleka samaki nyumbani kwa Ami Juma. Mkewe, Bi Mwanamisi, alipokea kwa uzuri, "Mwambie baba ahsante," nami niliyakaza macho kwenye mkeka nisiuone ule mkono wa mumewe uliolala mapajani. Chuoni nilikaa bega kwa bega na binti yao, Fatuma. Aliponiazima kalamu yake uso uliniwaka, kwa sababu yeye alikuwa hajui na mimi nilijua.

Ikaja harusi ya jirani. Ngoma alipewa kijana mmoja, akapiga ovyo mpaka wachezaji wakakanyagana. Wanawake wakacheka. Mmoja akasema kwa sauti, "Maskini Juma! Mvuvi mzima kujifunga mshipi mwenyewe!" Wakacheka tena, na safari hii ni Ami Juma waliyemcheka. Mama aliinamisha kichwa.

Sijui upande wa wanaume walisema nini. Nilimwona tu baba amesimama, amemshika yule kijana mkono ngoma inyamaze.

"Juma hakujifunga," akasema. "Aliniomba nimkate mshipi. Kisu changu kilikuwa na kutu, hakikutoka. Na chake ni mimi niliyemwambia akiache."

Watu wote wakageuka kumtazama baba. Nilitamani kujificha ndani ya leso ya mama.

Ami Juma akainuka polepole. Nilidhani atamkumbatia. "Nani aliyekuomba, Rashidi?" akasema. "Mimi nilikufunika. Wewe umekuja kunivua mbele za watu. Sasa mimi ni mwongo." Akavaa viatu akaondoka. Nasi tukaondoka kwa njia nyingine, hatujala pilau, na hakuna aliyetuambia ngojeni.

Siku kadhaa baba hakutia mguu pwani. Kisha asubuhi moja, tunakunywa uji, tukasikia, "Hodi." Ilikuwa sauti ya Ami Juma. Baba hakuinuka. Mama akanisukuma, nikatoka.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Mwambie baba yako maji yanajaa. Na mwambie kisu leo ni changu."

Hakuingia ndani. Baba alitoka amejifunga kikoi, wakashuka pwani, mmoja mbele mmoja nyuma. Walivua pamoja mpaka uzee ukawapandisha nchi kavu. Ami Juma hakuweza tena kufunga ndoana, basi baba alimfungia zote, kila siku, kabla ya kufunga zake. Hakuvaa tena kitu cha kupendeza kiunoni, wala sikumsikia tena akimcheka mtu kwa namna anavyotunza vyombo vyake.

Siku hizi mjukuu wangu yuko Diani, anavua kwa mtumbwi wa plastiki wa rangi ya chungwa, wanauita kayaki. Amevaa jaketi la kuelea, na kifuani pamening'inia kisu. "Ni cha usalama, nyanya," akaniambia, akageuka nikione vizuri, simu mkononi ajipige picha. Nikamwambia, "Kichomoe." Akavuta, akavuta tena, akakitoa kwa kelele ya mchanga. Nilimfukuza akakioshe kwa maji yasiyo ya chumvi saa hiyo hiyo. Alidhani uzee umenishika.

Sikumweleza. Angesema, "Si alikiri mbele za watu? Basi yaishe." Kwao mambo huisha hivyo, kwa ujumbe wa simu na kipicha cha mikono iliyounganishwa.

Sisi yetu hayakuisha. Zamani Gazi yote ilijua aibu yetu, na nilipopita njiani nilijifunika leso nikaharakisha. Lakini wale waliojua ndio hao hao waliotukaribisha harusi iliyofuata, wakatusogezea sinia. Sasa baba amekwenda, Ami Juma amekwenda, Fatuma naye amekwenda, na wale wanawake wa harusini wamekwenda. Wajukuu wa Ami Juma wakikutana nami huniinamia kwa adabu, "Shikamoo, bibi," na nyuso zao ni nyeupe kabisa, hazina habari. Naitikia marahaba, nayashusha macho. Zamani aibu ile tuliibeba kijiji kizima. Leo nimeachiwa mimi peke yangu.